Mashua ya Mafungu 48

Jirani yangu hapa Section 58, Nakuru, aliniuliza siku moja swali nililokosa jibu lake. Alikuwa amenikuta kizingitini, simu sikioni, nikibishana na mtu wa Lamu juu ya pamba. Si pamba ya godoro wala ya kidonda, bali pamba ya kuzibia mashua. Nilipomaliza akasema, "Bwana, wewe uko huku juu, na bahari iko kule chini. Hiyo mashua ni yako au ni ya watu?"

Nilicheka, maana niliona ni masihara ya mtu wa bara. Usiku ulipoingia nikatambua kwamba ameuliza lile lile alilokuwa akiniuliza dada yangu mkubwa kwa maneno mengine, nami nikalikwepa kwa muda wa miaka sita.

Ndugu msomaji, Nakuru iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,800. Wajuao Kimaasai husema kwamba jina la mji latokana na vumbi. Ziwa tunalo, lakini ni la magadi, limo ndani ya mbuga ya taifa, na hakuna anayetweka tanga juu yake. Katika mji huu wa vumbi ndimo nilimokuwa nikijiita mwenye mashua.

THUMUNI YA MAMA

Baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki mwaka 2016. Aliacha minazi michache, deni dogo dukani, na mashua moja ya futi 30 iliyoundwa Matondoni. Warithi wake ni mama yetu na watoto wanne, wanaume wawili na wanawake wawili. Deni lilipokwisha kulipwa, mwalimu alichukua kalamu akapiga hesabu ya mirathi. Mama apewe thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Kinachobaki wagawane watoto, mwanamume apate mara mbili ya mwanamke. Ili pasiwe na vipande vya kusumbua akili, mashua ilihesabiwa mafungu 48. Mama mafungu 6, mimi na kaka yangu 14 kila mmoja, na dada zangu 7 kila mmoja.

Hesabu hiyo haina kasoro hata kidogo. Ila minazi hugawanyika, huu wako na huu wangu, na pesa hugawanyika zaidi. Mashua je? Nani achukue omo, nani achukue tezi? Ukiikata umegawa kuni.

Pana jambo jingine. Ndugu mdogo wa baba, tunayemwita Ami, ndiye aliyekuwa nahodha wa mashua ile tangu nilipokuwa mtoto wa chuoni. Maadamu marehemu ameacha wana wa kiume, sheria haimpi ndugu yake kitu. Basi Ami hakurithi hata msumari, naye ndiye ajuaye kila msumari ulipo na mwaka uliopigwa.

Tulifanya kama wafanyavyo wengi. Tulisema, "Mashua iendelee kufanya kazi, na Ami aendelee kuwa nahodha." Mapato ya safari yalitolewa kwanza matumizi ya njiani, kisha yakagawanywa, sehemu ya watu na sehemu ya chombo, kwa desturi ya mabaharia. Sehemu ya watu ilikwenda kwa Ami na mabaharia wake. Sehemu ya chombo ilirudi ndani ya chombo: kamba, nguo ya tanga, mbao, mafuta. Kwa miaka ile yote dada zangu hawakupata hata shilingi moja, wala hawakuletewa hesabu. Mimi niliona ni sawa, kwa kuwa na mimi sikupata kitu. Nilisahau kwamba mimi nilikuwa nimepata jina. Watu wa Nakuru walijua nina mashua. Hapana aliyejua kwamba dada zangu wanayo.

CHOMBO KINA TUMBO

Msomaji wa pwani hana haja ya kufundishwa mashua ni nini, lakini vijana wetu wengi siku hizi huijua kwa picha za kadi tu, kwa hiyo wazee waniwie radhi.

Mashua ya mbao haipumziki kula. Chini kabisa pana mkuku, na juu yake mataruma, ambayo aghalabu ni miti iliyopinda yenyewe msituni, maana taruma la kupindwa kwa nguvu hukatika. Kisha mbao za ubavuni, za mbambakofi kwa mwenye uwezo, za mwembe kwa asiye nao. Katikati ya ubao na ubao fundi hupiga kalafati, yaani hushindilia pamba iliyolowa mafuta kwa patasi na nyundo ya mti, kidogo kidogo, pasiachwe pengo hata la unywele. Hata kichwa cha msumari huzungushiwa pamba kabla hakijazama. Mkono wa fundi mwema husikika kwa mbali. Mlio ukibadilika, naye hujua pamba imeshiba.

Kisha kuna adui wa chini ya maji, yule mdudu atobowaye mbao za baharini. Dawa yake ni ya kale. Chombo hupandishwa pwani wakati wa bamvua, maji yakitoka hulazwa ubavu, makuti huwashwa chini yake, moto ukapita upesi juu ya mbao bila kuziunguza. Halafu hupakwa chokaa iliyochanganywa na shahamu sehemu ya chini, na sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu isiyosahaulika, sehemu ya juu. Kazi hiyo hairudiwi kwa miaka. Hurudiwa kwa miezi. Na wakati wake mwema kwa matengenezo makubwa ni katikati ya kusi, Juni na Julai, bahari inapokuwa imechafuka na vyombo havina safari ndefu.

Vitu vyenyewe havipatikani kama zamani. Mwezi Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na mikoko ya Lamu ikaingia humo humo. Sisemi kwamba misitu ilindwe vibaya ili mashua yangu ipone. Nasema tu kwamba taruma moja lililokuwa jambo la kutafuta asubuhi na kupata jioni, likawa jambo la kuandikia barua.

Mwaka 2020 ulipoingia na ugonjwa wa korona, wageni walikatika Lamu, na kazi ya mashua ikapungua. Mwezi Juni Ami alipiga simu. Nakumbuka maneno yake.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Chombo nimekipandisha. Pamba yahitajika, na mbao tatu za upande wa kushoto. Nikizipata mapema, Agosti kitashuka."

Nikamwambia hali ni ngumu, asubiri kidogo. Alipopiga tena mwezi wa Septemba, nikamwambia asubiri kaskazi iingie. Kaskazi ikaingia, ikatoka. Nilidhani kwamba chombo kilichokaa nchi kavu kimehifadhika, kama vile gari lililofungiwa bandani. Hilo ndilo kosa langu, na nalieleza hapa bila kumsingizia mtu. Mashua iliyo majini huvimba mbao zake zikabanana. Iliyo juu huchomwa na jua, mbao zikanywea, kalafati ikalegea na kudondoka kama nywele za mgonjwa. Miaka miwili ilikaa pale Matondoni. Mtu aliweza kusimama upande mmoja akaona mwanga wa upande wa pili.

Dada yangu mkubwa, anayeishi Mombasa, alikwenda kumwona mama mwaka 2022, akaiona mashua. Hakupiga kelele. Alinitumia ujumbe mfupi: "Mafungu yangu saba yameoza, au yako wapi?"

TANGA NAIVASHA

Ilikuwa mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Nilikuwa na shughuli Naivasha, mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka Nakuru, na ilipokwisha nikateremka ufukweni mwa ziwa kungoja jua lipungue. Hapo ndipo nilipoona tanga.

Nisizidishe. Yalikuwa matanga matatu meupe, madogo, mbali kidogo upande wa kisiwa cha Crescent. Naivasha ina chama cha wapenda matanga, Naivasha Yacht Club, na vyombo vyao ni vidogo vya kushindania, vya mtu mmoja au wawili. Mimi nimelelewa Lamu, lakini nilikuwa sijaona tanga kwa miaka mitatu, nikasimama pale nikitazama kama mtoto.

Ziwa la Naivasha ni la maji baridi, nalo liko juu ya usawa wa bahari kwa karibu mita 1,890. Mito ya Malewa na Gilgil huingia, na hapana mto unaoonekana kutoka. Maji hupotelea chini kwa chini. Halina kupwa wala kujaa kwa mwezi, bali lina kupwa na kujaa kwake kwa miaka. Karibu na mwaka 2010 lilikuwa limenywea sana, na mwaka 2020, na tena mwaka 2025, lilipanda likaingia katika makazi ya Kihoto, watu wakahama majumbani mwao kwa mashua. Viboko wamo tele, mafunjo yamezunguka kingo zake, na sehemu kubwa yake si ya kina. Kina chake kirefu kimo pale palipo na mdomo wa volkano ya zamani, ambao ukingo wake ndio hicho kisiwa cha Crescent. Katika miaka ya mwisho ya 1940 hadi 1950 ndege kubwa za majini za shirika la BOAC zilikuwa zikitua hapo, zikija kutoka Uingereza na kuelekea kusini mwa Afrika. Waliozichagulia mahali walitaka maji marefu na tulivu. Utulivu waliupata asubuhi.

Maana alasiri Naivasha ni mwingine. Jina lake lenyewe ni la Kimaasai, Nai'posha, nalo lasemekana kuwa na maana ya maji yanayochafuka na kupanda. Kwetu upepo una adabu. Kaskazi ina miezi yake, kusi ina miezi yake, na baina yao tanga mbili. Baharia hujua tangu mwezi wa Desemba atakwenda wapi na mwezi wa Aprili atarudi vipi. Upepo wa Bonde la Ufa ni wa siku kwa siku. Jua linapochoma nchi, hewa hupanda na kushuka baina ya kuta za bonde, na kufikia saa tisa ziwa lililolala kama kioo lina mawimbi yenye povu.

Siku ile upepo ulianza ghafla. Vyombo viwili viliteremsha tanga mara moja. Cha tatu, alichokuwamo kijana mmoja peke yake, kilibaki. Alitaka kurudi ufukweni, na upepo ulitoka huko huko ufukweni, ukimpiga usoni. Nikamwona akibisha: ameketi juu ya ukingo, mwili umetoka nje, akaenda mshazari upande huu, akageuza, akaenda mshazari upande ule, akageuza. Kila akigeuza alipata hatua chache tu. Kazi ya nusu saa kwa mwendo ambao mtu wa miguu angeumaliza kwa dakika tano. Alipofika alikuwa ameloa mwili mzima, akicheka.

Nilimwendea nikampa mkono. Nikamwuliza chombo ni cha nani. Akasema ni chao watu wanne, wamechanga kukinunua, na kila mwenye zamu ya kukitumia wiki hii ndiye mwenye zamu ya kukisugua wiki ijayo. "Asiyesugua hapandi," akasema. Kijana wa Naivasha, hajapata kuiona Lamu.

Alinieleza mengi kuhusu yoti, zile mashua za starehe za ukubwa wa kati ambazo wazungu husafiri nazo pwani, na ambazo msomaji huziona zimetia nanga katika hori la Kilifi au Mtwapa. Ndoto yake ni kununua moja. Hizo huwa na futi 30 hadi 40, mwili wa faibaglasi, chumba chenye vitanda na jiko, na chini pana mkuku mrefu wenye uzito wa chuma au risasi, ndio unaoiinua tena inapolala kwa upepo. Sisi twatumia farumi, mchanga ndani ya magunia, na wanadamu walioketi upande wa joshi. Kwa matanga yake mawili, yoti hukata upepo vizuri kuliko tanga letu moja la foromali. Lakini mkuku wake huzama mita moja na nusu au mbili, basi haiwezi kuingia mahali pengi ambapo mashua yetu huingia na kulala juu ya mchanga bila tatizo. Wenyewe wana hesabu yao ya kukisia, kwamba matunzo ya mwaka mmoja hufikia sehemu moja ya kumi ya bei ya chombo. Niliposikia hivyo nilifarijika kidogo. Nilikuwa nimedhani ni mbao tu zenye tumbo.

Nilirudi Nakuru jioni ile nikiwa nimenyamaza ndani ya matatu. Maneno ya kijana yalikuwa yakinizunguka. Mimi sikuwa nimesugua, na sikuwa nimepanda.

VYOMBO VILIVYOPANDA BARA

Pengine msomaji atasema, kwani mtu wa pwani ana nini na Bonde la Ufa hata aone haya mbele ya mtoto wa Naivasha? Misafara ya watu wa Mombasa na Pangani ilipita Naivasha na Baringo kabla reli haijawazwa, na mwaka 1883, Mzungu Joseph Thomson alipofika Naivasha, alifika na wapagazi wa pwani. Meli ya *William Mackinnon* iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Mombasa. Reli ilikuwa bado haijafika Ziwa Victoria, hivyo vipande vingi vilichukuliwa na wapagazi. Ikaungwa tena na kushushwa majini Kisumu mwaka 1900.

Na si zamani tu. Mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake wa Lamu walimaliza kuunda jahazi la mita 9 hivi, linaloitwa *Flipflopi*, kwa plastiki iliyookotwa pwani, ubavu wake ukapambwa kwa malapa ya rangi zote. Mwanzoni mwa mwaka 2019 lilikwenda kwa tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar, na mwaka 2021 likasafiri katika Ziwa Victoria, likianzia Kisumu. Ili lifike huko ilibidi lisafirishwe kwa nchi kavu, na hapana barabara itokayo pwani kwenda Kisumu isiyovuka Bonde la Ufa. Basi jahazi la Lamu, lenye urefu karibu sawa na mashua ya baba yangu, lilipita huku juu, nami niko hapa, wakati ile yetu iko Matondoni inatobokatoboka kwa jua. Naliona jambo hilo kuwa la aibu hata leo.

KUBISHA

Mwezi wa Oktoba nilituma pesa. Si zote zilizohitajika, bali nilizokuwa nazo, na kaka yangu akaongeza. Mbao zilizobadilishwa zilikuwa saba badala ya tatu. Pamba ilipigwa upya mwili mzima. Ami alikataa kwanza kukishusha chombo kikavu. Akakijaza maji ndani, siku mbili, mbao zinywe na zivimbe kabla ya kuonja bahari. Mwezi wa Novemba nilipanda gari kwenda Lamu mwenyewe. Nilimkuta Ami amekonda. Alikuwa na umri wa miaka 71.

Tulisoma Fatiha, tukaishusha wakati wa bamvua, mwezi mpya ukiwa umeandama. Ilivuja. Ilivuja siku ya kwanza kwa kiasi cha kuteka ngama kila robo saa, siku ya pili kila saa moja, na siku ya tatu Ami akasema, "Imekubali."

Siku ya nne tulikwenda Pate. Tulikuwa watu watano, na shehena yetu ilikuwa saruji na magunia ya mchele. Mkanda hupitika maji yakijaa tu, kwa hiyo tuliondoka kwa saa ya maji, wala si kwa saa ya mkononi; mikoko kulia, mikoko kushoto, mti wa kupondea mkononi mwa baharia kijana, maana humo upepo haushuki. Tulipotoka katika hori ya Manda upepo wa matlai ukatukabili, na Pate iko mbele yetu, upande ule ule utokako upepo.

Ami akaniita nyuma. "Shika kana." Kana ni ule mti wa kuendeshea usukani. Nilikuwa sijaushika tangu nilipokuwa na miaka kumi na minne, na wakati ule mkono wa baba ulikuwa juu ya wangu.

Kubisha kwa tanga la foromali si kama kubisha kwa yule kijana wa Naivasha. Yeye husukuma mti, tanga likapita juu ya kichwa chake, kazi imekwisha. Sisi, kila tugeuzapo, chombo hugeuzwa kwa kuupa upepo tezi, na foromali, mti mrefu kuliko hata mlingoti, husimamishwa na kupitishwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, demani ikachukuliwa kwa mbio kuzunguka, na wote walioketi upande huu wakahamia ule. Watu watano wakikosana kwa nukta chache tu, tanga hujipiga likapasuka. Hatua iliyopatikana kwa taabu hupotea nusu yake katika kule kugeuza. Kwa hiyo nahodha mwema hageuzi mara nyingi. Huenda mshazari mrefu, akivumilia, akipandisha joshi kila upepo ukimpa nafasi.

Mimi nilipandisha joshi mno. Tanga likaanza kutetemeka, chombo kikapunguza mwendo, na maji yakaanza kutuchukua kutuelekeza kule tulikotoka. Sikujua nifanye nini. Nilimtazama Ami, naye alikuwa akitazama pwani, hanitazami mimi.

"Waibana," alisema. "Iachie kidogo ipate mwendo. Haiendi kwa kubanwa."

Nikaiachia. Tanga likajaa, na chini ya miguu yangu nikausikia ule mngurumo wa maji ambao nilikuwa nimeusahau. Tuligeuza mara nne tu, tukafika Mtangawanda alasiri.

Njiani alinieleza habari aliyokuwa ameificha miezi mingi. Mwenye nyumba moja ya wageni amekuja mara mbili kutaka kuinunua mashua, aitie mashine, atandaze mito, apeleke wageni kutazama jua likizama. Bei aliyotoa ni nzuri. Ami hakutuambia kwa sababu aliogopa tutakubali. "Kisha nikaona nimekosea," akasema. "Si yangu. Nimewaficheni mali yenu. Mafungu 48 hayana hata moja langu."

Ilinichoma sana, kwa kuwa yeye aliyenyimwa na sheria ndiye aliyekuwa akiiogopa sheria kuliko mimi niliyepewa mafungu 14.

HESABU BARAZANI

Tuliporudi Lamu, dada zangu wote wawili walikuwapo. Mkubwa nilimwita mimi mwenyewe. Tuliketi barazani kwa mama baada ya sala ya isha. Nilileta daftari nililolinunua dukani asubuhi ile, nikaandika kwa mara ya kwanza mambo ambayo yangaliandikwa mwaka 2016: mashua yakisiwa bei gani, imeingiza nini kwa kadiri Ami akumbukavyo, imekula nini, nani ametoa nini mfukoni mwake. Nikawaeleza habari za mnunuzi. Nikawaambia kwamba mashua ilioza kwa neno langu, si kwa uzembe wa Ami, na kwamba zile mbao nne zilizozidi nitazilipa mimi, zisihesabiwe juu ya mafungu yao.

Dada yangu mdogo alisema yeye ana watoto wa kusomesha na ataka haki yake kwa pesa. Ni neno la haki, wala hapana aliyemlaumu. Tulikubaliana niyanunue mafungu yake saba kwa bei ile ile aliyoitaja mnunuzi, nilipe kwa miezi kumi na minane, na mama awe shahidi pamoja na kaka yetu. Nimekwisha kumaliza, alhamdulillahi, ingawa miezi ilikuwa ishirini na mmoja.

Dada mkubwa alinyamaza muda mrefu. Alichukua daftari akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akiweka kidole chini ya kila mstari. Kisha akauliza mashine ya kufunga nyuma yagharimu kiasi gani, na Ami akamwambia. Akauliza petroli yala kiasi gani hadi Pate na kurudi, na Ami akamwambia. Akafanya hesabu yake pembeni.

"Mimi siuzi," akasema. "Wala sitaki mashine mwaka huu. Lakini daftari hili litakaa kwangu, na kila miezi sita nitasomewa."

Daftari liko Mombasa mpaka leo. Kijana wa kaka yangu ameanza kufuatana na Ami baharini siku za likizo, na Ami amekubali kwamba sehemu ya nahodha igawanywe, yeye achukue theluthi mbili, kijana theluthi moja, hadi atakapoweza kuvuka Mkanda usiku peke yake. Nami kila mwezi wa Juni huchukua likizo yangu Matondoni, si Nakuru. Mikono yangu haifai kwa kalafati. Fundi amekwisha kuniambia hivyo mbele za watu. Kazi yangu ni kuchambua pamba, kuilowesha mafuta, na kuisokota iwe tayari mkononi mwake.

Wiki iliyopita jirani yangu wa Section 58 alinikuta tena kizingitini na simu. Alikuwa ni dada yangu, akiuliza kwa nini sifa imeandikwa madebe mawili na mwaka jana lilitosha moja.